Viwanda vinaishi kwa mwokota makopo, hesabu hazimtaji

WAFANYABIASHARA wa Kariakoo wanapofungua milango ya maduka yao saa mbili asubuhi, biashara ya kwanza ya siku katika eneo la Gerezani huwa imekwisha kufanyika. Wauzaji wake ni vijana, akina mama na wazee wachache wanaoingia kutoka Mchikichini, Ilala, Jangwani na mitaa ya katikati ya Jiji wakiwa na salfeti mgongoni au wakisukuma mkokoteni. Mzigo wao ni chupa za maji, makopo ya soda, maboksi, nyaya, mabati yaliyokatika na vipande vya chuma ambavyo jana yake vilihesabiwa kuwa taka. Hupanga foleni mbele ya mizani, hupimiwa, hulipwa taslimu na kuondoka. Hakuna risiti, hakuna mkataba, na katika vitabu vya biashara ya mji hakuna ukurasa wanaoandikwa.

Lugha ya mitaani nayo imekwishawatolea hukumu. Mtu akitaka kusema kwamba fulani ataharibikiwa hadi kurukwa na akili, husema "ataokota makopo". Msemo huo huchekesha barazani. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, ni msemo wa hasara, kwa kuwa unamficha mtu anayeshika ncha ya kwanza ya biashara ambayo ncha yake ya pili ni nondo, sufuria, chupa na karatasi za kufungia bidhaa.

Mwokota makopo ni muuzaji wa malighafi. Anatafuta, anachambua, anasafisha na kufikisha sokoni bidhaa ambayo mwenye kiwanda angelazimika kuiagiza nje kwa fedha za kigeni. Kasoro iliyopo ni kwamba analipwa kwa uzito tu. Kazi yake ya kuchambua, pamoja na kazi ya kuliondolea Jiji mzigo ambao lingegharamia kuusafirisha, zinachukuliwa bure. Ukweli huo unamhusu kila anayeuza, anayenunua au anayewekeza katika bidhaa zitokanazo na mabaki, na kuupuuza kuna gharama yake.

Mgodi ulioko jalalani

Gerezani si mahali pa kubahatisha kwa habari hii. Kwa miongo mingi eneo hili limekuwa karakana ya Dar es Salaam. Mafundi wa bati, wachomeleaji, wakata vyuma na wauza spea wamekaa bega kwa bega, na hata jina la DASICO, ambalo wenyeji hulitumia kutaja sehemu ya karakana hizo, limetokana na chama cha ushirika cha viwanda vidogo. Pipa lililokwisha kazi yake ya mafuta hukatwa na kuwa jiko la mkaa. Kopo huwa koroboi. Bati hukunjwa kuwa sanduku la mwanafunzi anayekwenda shule ya bweni. Alumini ya sufuria zilizotoboka na vipande vya injini huyeyushwa na kumiminwa upya. Ukimuuliza fundi malighafi yake inatoka wapi, atakuonyesha mlango wa jirani mwenye mizani, na jirani huyo atakuonyesha barabara.

Hata mwekezaji mdogo aliyeko mbali na Gerezani anahusika. Mwenye hisa za TOL, kampuni iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, anafahamu kwamba mitungi ya oksijeni haiendi hospitalini peke yake. Inakwenda pia kwa wakata vyuma na wachomeleaji, na hao hawakati hewa.

Kwa upande wa chuma, hesabu ni ya kitaifa. Mradi wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma umezungumzwa tangu enzi za mipango ya miaka mitano, na mkataba uliotiwa saini mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na kampuni ya Sichuan Hongda ya China haukuleta nondo hata moja sokoni. Viwanda vya nondo vya Dar es Salaam, Tanga na kwingineko vina njia mbili: kuagiza chuma ghafi kutoka nje kwa dola, au kuyeyusha vyuma chakavu vya humu nchini. Ndiyo kusema kwamba Liganga ikiendelea kusubiriwa, mgodi unaotoa mzigo kila siku uko kwenye magereji, mabomoko ya nyumba na majalala. Wachimbaji wake wanatembea kwa miguu.

Hali ni hiyohiyo kwa bidhaa nyingine. Kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye mawe yake. Kiwanda cha chupa, kama kile cha Kioo Limited cha Dar es Salaam, hupunguza matumizi ya nishati kadiri kinavyochanganya vigae vya chupa za zamani katika tanuri lake. Kwa nchi ambayo wenye viwanda wake wamelalamikia bei na mgawo wa umeme kwa miaka mingi, kilo ya kopo la soda ni kilo ya umeme uliokwisha lipiwa na mtu mwingine.

Ngazi ya bei

Biashara hii ina ngazi nne. Chini yuko mwokotaji. Juu yake yuko mwenye mizani wa mtaani, kisha mwenye stoo anayekusanya mzigo wa kutosha kujaza lori, kisha kiwanda au msafirishaji wa nje. Bei hupanda kila ngazi, kama ilivyo katika korosho au pamba. Tofauti ni kwamba mkulima wa korosho walau husikia redioni bei ya mnada. Mwokotaji husikia bei kutoka kwa mtu yuleyule anayemnunulia, naye kwa kawaida humpa jibu moja: "Bei imeshuka, kaka."

Si haki kumgeuza mwenye mizani kuwa adui wa hadithi hii. Yeye ndiye mwenye fedha taslimu asubuhi, ndiye anayehifadhi mzigo hadi utimie, na ndiye anayesumbuliwa na vibali. Chini ya kanuni za taka hatarishi, anayefanya biashara ya vyuma chakavu anatakiwa kuwa na kibali, na mambo hayo husimamiwa kupitia NEMC. Mwokotaji hana uwezo wa kukata kibali hicho, hivyo anafanya kazi chini ya kivuli cha mwenye nacho. Ndipo mwenye mizani anapokuwa benki, soko na serikali ya mtaa kwa wakati mmoja. Mara nyingine humkopesha mwokotaji nauli au fedha za dawa, na mkopo huo hulipwa kwa mzigo ambao bei yake amekwishaipanga mkopeshaji. Wazee wa biashara ya karafuu na nazi wanaufahamu mtindo huo bila kuhitaji kuelezwa.

Ni vema kuangalia kilo moja ina nini ndani yake. Chupa tupu ya maji ya nusu lita huwa na uzito wa gramu 10 hadi 15. Kwa hiyo kilo moja ni chupa 70 hadi 100, na kila moja imeinamiwa, imeokotwa, imemwagwa maji yaliyobaki na kukanyagwa ili isijaze salfeti kwa hewa. Kopo la soda la alumini lina gramu zipatazo 14, yaani makopo 70 kwa kilo. Anayefikisha kilo 20 za chupa kwa siku ameinama mara 1,400 au zaidi. Watengenezaji wa vinywaji wamekuwa wakipunguza uzito wa chupa zao mwaka hadi mwaka ili kuokoa plastiki, jambo la busara katika vitabu vyao. Katika vitabu vya mwokotaji, kila gramu inayopunguzwa ni kuinama kwa nyongeza kwa bei ileile.

Kisha kuna uchambuzi, na hapa ndipo penye fedha halisi. Kifuniko cha chupa si plastiki ya aina moja na chupa yenyewe. Chupa nyeupe ina soko pana kuliko ya rangi. Shaba iliyochanganyika na chuma hununuliwa kwa bei ya chuma. Robota la maboksi lenye unyevu au mabaki ya chakula hukatwa bei au kurudishwa. Kiwanda kinachosaga chupa kuwa chenga kinaweza kupoteza mzigo mzima kwa plastiki chache za aina nyingine zilizoingia humo. Kwa maneno mengine, thamani ya mzigo inaongezeka sana pale unapotenganishwa, na mikono inayoutenganisha kwa kiasi kikubwa ni ya waokotaji, ambao hujua aina ya plastiki kwa kuibonyeza na sauti yake, na aina ya madini kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio. Ujuzi huo haupo katika mshahara wa mtu yeyote.

Juu ya yote kuna mizani. Ikiwa mizani inapunja gramu 100 katika kila kilo, mwokotaji ameacha moja ya kumi ya kazi yake mezani. Katika siku 30 amefanya kazi siku tatu bure. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za masokoni na kuzipiga muhuri, na mwenye duka la nafaka Kariakoo anajua siku ya ukaguzi wake. Mizani ya makopo inastahili ukaguzi wa namna hiyohiyo, kwani shilingi ya mwokotaji ni shilingi halali kama nyingine.

Jiji linaokoa kiasi gani?

Historia ya taka za Dar es Salaam ni historia ya kusukuma tatizo mbali zaidi. Wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji na kushinda Mahakama Kuu mwaka 1988, na jalala lao likaja kufungwa mwaka 1991. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na tangu takriban mwaka 2007 zinapelekwa Pugu Kinyamwezi, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jiji liliweza kuzoa sehemu ndogo mno ya taka zake, na ndiyo sababu mwaka 1994 kampuni binafsi ya Multinet Africa ikapewa kata za katikati. Baadaye, wakati wa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja kati ya mwaka 1996 na 2000, makampuni na vikundi vingi zaidi viliingizwa katika kazi hiyo. Tangu wakati huo idadi ya watu imeongezeka mno. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728.

Mkandarasi wa taka hulipwa kutokana na ada za kaya na maduka. Kila tani anayoipeleka Pugu inamgharimu dizeli, matairi na muda wa lori kwenye foleni ya magari. Kila tani ambayo mwokotaji ameiondoa barabarani kabla lori halijafika, mkandarasi hakuisafirisha, lakini ada yake ameipata kamili. Chukua mfano wa waokotaji 350 wanaotoa kila mmoja kilo 20 kwa siku. Hizo ni tani 7, yaani lori moja lenye kubeba uzito huo lisiloenda na kurudi safari ya kilomita 60 kila siku ya Mungu. Mfano huo hata hivyo unapunguza ukweli, kwa sababu chupa tupu na maboksi hujaza lori kwa ukubwa wake kabla ya kulijaza kwa uzito. Safari zinazookolewa ni nyingi kuliko tani zinavyoonyesha. Ongeza mifereji isiyoziba chupa wakati wa masika, hasa upande wa bonde la Msimbazi, ambako mafuriko yamewafilisi wafanyabiashara zaidi ya mara moja.

Kwa lugha ya wahasibu, maskini wa mji wanatoa ruzuku kwa Jiji na kwa wakandarasi wake. Hakuna aliyeipitisha ruzuku hiyo kikaoni. Kiwanda kinapoandika uchakavu wa mashine, hakuna anayeandika uchakavu wa mkono uliokatwa na kigae au kuchomwa na sindano iliyotupwa na zahanati. Sindano ya pepopunda mwokotaji anajilipia mwenyewe, ikiwa analipia. Wengine katika foleni ya mizani ni watoto ambao asubuhi hiyo walipaswa kuwa darasani, na mnunuzi anayepokea mzigo wao anaelewa anachokifanya.

Ushahidi kwamba suala ni bei, wala si tabia ya wananchi, uko katika kila baa ya Kariakoo. Chupa tupu ya bia haionekani mtaroni. Ina dhamana, kreti lake lina dhamana, na mwenye baa humfuata mnywaji hadi mlangoni akimdai chupa. Chupa ya maji haina dhamana, basi ikitupwa haina wa kuidai mpaka apite mwokotaji. Mfuko mwembamba wa plastiki nao ulikuwa mwepesi mno hata kwa mwokotaji; mchana kutwa wa kuiokota usingefikisha kilo yenye maana. Hakuna aliyeugusa, ukajaa mitaroni, na Tanzania Bara ikalazimika kuupiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Laiti wapangaji wa sera wangemuuliza mwokotaji ni kitu gani hakiokoteki, wangekuwa na orodha ya matatizo ya kesho leo hii.

Hoja ya wizi

Kuna hoja moja dhidi ya biashara hii ambayo haiwezi kuzungukwa. Mifuniko ya mitaro, vizuizi vya barabarani, alama za usalama, nyaya za umeme na hata vipande vya reli vimekuwa vikiishia katika mizani za vyuma chakavu. Mwenye kiwanda aliyekatiwa umeme kwa sababu mafuta ya transfoma au waya vimeibwa hana subira na neno "mwokotaji", na ana haki ya kukasirika.

Ila hasira hiyo ielekezwe penye kituo. Mtu mwenye salfeti hawezi kununua mfuniko wa mtaro wenye kilo kadhaa, akaukata, akauhifadhi na kuupakia kwenye lori. Wizi wa namna hiyo unahitaji mnunuzi mwenye mtaji. Kenya ilijaribu njia ya mkato mwezi Januari, 2022. Baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi Mei mwaka huohuo ikiambatana na masharti ya leseni. Katika miezi hiyo, mwizi na mwaminifu walifungiwa mlango mmoja, na viwanda vilivyotegemea chakavu vikabaki vinatazamana na matanuri.

Kinachoweza kufanya kazi ni daftari: nani ameleta, nini, kilo ngapi, siku gani. Mwenye mizani anayekataa daftari anajieleza mwenyewe. Jambo la kuvutia ni kwamba daftari hilohilo linalomnasa mwizi ndilo litakalompa mwokotaji mwaminifu kumbukumbu ya mauzo yake, ambayo ndiyo hati ya kwanza ambayo benki au SACCOS yoyote itaitaka kabla ya kumkopesha.

Bei ya London

Wawekezaji wadogo wanaofikiria kuingia katika biashara hii wajue kwamba bei zake hazipangwi Kariakoo. Shaba na alumini hutazama Soko la Metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877. Chuma chakavu hutazama Uturuki na Asia. Plastiki hutazama bei ya mafuta ghafi, kwa kuwa mafuta yakishuka, plastiki mpya huwa rahisi na hakuna anayeihitaji ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 2008 bei ya chuma chakavu duniani ilianguka zaidi ya nusu ndani ya miezi michache. Mwaka 2018 China ilifunga milango yake kwa taka za plastiki kutoka nje. Mwaka 2020 mafuta yaliporomoka pamoja na ugonjwa wa Uviko.

Bei ikianguka, kiwanda hupunguza ununuzi, mwenye stoo hushikilia mzigo akisubiri, na mwenye mizani hupunguza bei siku hiyohiyo. Mwokotaji hana stoo wala siku ya kusubiri. Anachoweza kufanya ni kuacha bidhaa fulani na kuhamia nyingine, au kuacha kazi na kwenda kubeba mizigo sokoni. Hapo ndipo hatari ya mwenye kiwanda ilipo. Bei ikirudi, mashine zake zipo, umeme upo, lakini mtandao wa watu waliokuwa wakileta mzigo umesambaratika, na kuujenga upya huchukua muda. Anayetaka mzigo wa uhakika hana budi kuulipia uhakika huo: bei ya chini iliyokubaliwa kwa miezi kadhaa, hata kama ni ndogo, ili wakusanyaji wasitawanyike. Wenye viwanda vya chai na miwa wamefanya hivyo na wakulima wadogo kwa muda mrefu, wala hawakufanya kwa huruma.

Wasiwasi mwingine ni ardhi. Tangu kituo cha mabasi yaendayo haraka cha Gerezani kianze kazi mwaka 2016, kila upenyo unaofikika kwa gari una mwenye kuutaka, na sehemu ya kuchambulia chupa haiwezi kushindana kodi na duka la spea. Mizani zikisukumwa pembezoni, mwokotaji wa Kariakoo ataburuta mkokoteni wake mbali zaidi kwa kilo zilezile, na mzigo wa thamani ndogo kama maboksi ataachana nao. Maboksi ya Kariakoo ni mengi mno kuachwa.

Miji mingine imekwishakosea na kusahihisha kwa gharama zake yenyewe. Cairo mwaka 2003 iliwapa makampuni ya Hispania na Italia mikataba ya kuzoa taka, ikawaruka Zabbaleen, jamii iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kwa vizazi. Zabbaleen wanakadiriwa kurejesha kiwandani asilimia 80 hivi ya wanachokusanya. Makampuni yalitakiwa kwa mkataba kurejesha asilimia 20. Matokeo yake ni kwamba taka nyingi zaidi zilizikwa kwa gharama kubwa zaidi, na makampuni yenyewe yakaishia kuwatumia Zabbaleen walewale kama wakandarasi wadogo. Bogotá ilikwenda kinyume chake. Mahakama ya Katiba ya Colombia iliamua mwaka 2003 kwamba waokotaji wasiachwe nje ya zabuni za taka, na baada ya mvutano wa miaka kumi mji ulianza mwaka 2013 kuwalipa kwa kila tani wanayoipima, fedha zikitoka katika ada ileile ya taka ya wananchi. Wanauza mzigo wao kama kawaida, na juu yake wanalipwa kwa huduma. Pune nchini India ilifunga mkataba na ushirika wa waokotaji, SWaCH, mwaka 2008.

Dar es Salaam haihitaji kunakili mji wowote. Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu mwaka 2021 ndilo lililoichukua iliyokuwa Manispaa ya Ilala, lina Gerezani na Kariakoo ndani ya mipaka yake na linaingia mikataba ya uzoaji. Kifungu kimoja katika mkataba unaofuata kinatosha kuanzia: mkandarasi aruhusu uchambuzi kabla ya lori kuondoka, na sehemu ya kile anachokiokoa kwa kutokwenda Pugu ilipwe kwa vikundi vya waokotaji kwa tani iliyopimwa kwenye mizani yenye muhuri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waokotaji wengi ni haohao. Kikundi cha watu kumi chenye mizani yake, mashine ya kukandamiza maboksi na guta moja la kusafirishia kinaweza kuruka ngazi moja ya bei na kuuza moja kwa moja stoo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaweza kuanza bila kusubiri kikao. Kila jioni mbele ya maduka ya nguo, vyombo na vifaa vya umeme hutupwa maboksi yaliyochanganywa na mabaki ya chipsi na maji ya mtaro. Boksi kavu lina soko. Boksi lililolowa lina nusu ya soko, au halina kabisa. Mwenye duka anayeyakunja yakiwa makavu na kuyakabidhi kwa mwokotaji yuleyule kila siku hapotezi chochote, mlango wake unakuwa safi asubuhi, na ada yake ya taka ana sababu ya kwenda kuijadili na mkandarasi. Wenye maduka wachache wamekwishaanza kuyauza badala ya kuyatoa, jambo lililo haki yao, ingawa kwa bei ya boksi ya msimu wa mvua fedha hiyo haitoshi kununua chai ya wapagazi wao.